Kuhamisha nywila

nywila nm [i-/zi-] mfuatano wa herufi, tarakimu au alama anaoujua mtumiaji peke yake, ambao huuingiza ili mfumo wa kompyuta umkubali kuwa ndiye mwenye akaunti: *Nywila yake imekwisha muda. Nywila zao zimebadilishwa.* Taz. pia nenosiri, neno la siri.

hamisha kt [ele] ondoa mtu au kitu mahali kilipo na ukipeleke mahali pengine: *Hamisha mzigo. Mwalimu amehamishwa.*

kuhamisha nywila shughuli ya kuwawezesha watumiaji wa mfumo wa zamani wa uthibitishaji kuingia katika mfumo mpya, kwa nywila waliyokuwa nayo au kwa nyingine.

Kirai hiki cha mwisho hutokea katika matangazo ya vyuo, hospitali, makampuni na idara za serikali kila mara mtandao wa kompyuta unapopata mfumo mpya wa uthibitishaji. Kisarufi hakina kasoro. Kasoro yake imo katika picha kinayomchorea msomaji. Kinamfanya aamini kwamba nywila yake imekaa mahali fulani kama nguo kabatini, na kwamba fundi ataitoa kabati hili na kuitia kabati lile. Katika mfumo uliojengwa vyema, nywila haimo kabatini hata kidogo. Kilichomo ni alama iliyotokana nayo, na mara nyingi alama hiyo haina kazi katika mfumo mpya. Anayehama ni mtumiaji. Nywila hubaki kichwani mwake.

Uteuzi wa neno hapa si suala la ufundi wa lugha pekee. Anayeamini kwamba ofisi inazishika nywila na kuzihamisha hataona ajabu akiombwa yake "ili isipotee njiani". Makala haya yanaeleza kinachotendeka kwa kweli, kisha yanaonyesha maneno ya Kiswahili yanayokisema bila kupotosha.

Umbo na ngeli

*Nywila* iko katika ngeli ya I-/ZI- na umbo lake halibadiliki katika wingi; upatanisho ndio unaoonyesha idadi: *nywila yangu imesahauliwa, nywila zetu zimesahauliwa*. Jambo hili dogo lina athari katika matangazo. Agizo "Badilisha nywila" halionyeshi kama ni moja au ni nyingi, na mtumishi mwenye nywila tatu, ya barua pepe, ya kompyuta na ya mfumo wa mishahara, hajui ni ipi inayozungumziwa. Mfasiri mwangalifu huitaja: "nywila unayotumia kuingia kwenye kompyuta ya ofisi".

*Nenosiri* ni nomino ambatani ya ngeli ya LI-/YA-: *nenosiri langu, manenosiri yangu*. *Neno la siri* ni kirai, na wingi wake ni *maneno ya siri*. Yote matatu yanaeleweka na hakuna lililo kosa. Kilicho kosa ni kuyachanganya katika waraka mmoja, kwa sababu msomaji akikuta *nywila* katika aya ya kwanza na *nenosiri* katika aya ya pili anaweza kudhani kwamba ni vitu viwili. Makala haya yanatumia *nywila*.

*Namba ya siri*, au *nambari ya siri* kama wasemavyo wengi nchini Kenya, ni kitu kingine: tarakimu chache za kadi ya benki au za huduma ya fedha kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, namba ya siri imekuwa kwa watu wengi siri yao ya kwanza ya kielektroniki. Pamoja nayo walijifunza kanuni moja: haiambiwi mtu, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni. Tangazo la nywila linalokwenda kinyume na kanuni hiyo hubomoa elimu iliyokwisha kujengwa.

Utambulisho, uthibitishaji, uidhinishaji

Maneno haya matatu hutumiwa ovyo kana kwamba yana maana moja. Desturi ya mlangoni huyatenga vizuri. Mgeni hupiga hodi. Mwenyeji huuliza, "Nani?" Mgeni hujibu, "Mimi, Asha." Jibu hilo ni *utambulisho*, yaani dai la jina. Mwenyeji huisikiliza sauti, pengine akachungulia dirishani, apate kujua kama kweli ni Asha. Huo ni *uthibitishaji*. Kisha husema, "Karibu," akamketisha barazani au akampeleka ndani. Huo ni *uidhinishaji*, maana si kila ajulikanaye huingia kila chumba.

Katika kompyuta, jina la mtumiaji ni utambulisho. Nywila ni ushahidi unaotumika katika uthibitishaji. Ruhusa ya kusoma faili fulani au kutumia printa fulani ni uidhinishaji. Kwa hiyo mfumo unaopokea majina na nywila na kuamua kama mtu ndiye, ni *mfumo wa uthibitishaji*. Kuuita *mfumo wa utambulisho* ni kuishia kwenye hodi.

Kitenzi *thibitisha* kinahitaji tahadhari ya ziada. Katika fomu nyingi, "Thibitisha nywila" huwa na maana ya kuiandika mara ya pili ili kuhakikisha kwamba haikukosewa. Hapo ni afadhali kuandika "Andika nywila tena". Nayo kauli "Thibitisha akaunti yako", isiyosema ni kwa njia ipi, ndiyo kauli inayopendwa na matapeli. Ofisi inayoandika vivyo hivyo humnyima msomaji njia ya kuitofautisha na wao.

Kinachohifadhiwa

Hapo mwanzo nywila zilihifadhiwa kama zilivyoandikwa. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 chini ya uongozi wa Fernando Corbató, uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na nywila zikatumika kutenga kazi ya mmoja na ya mwingine. Nywila zote zilikaa katika faili moja. Siku moja katika miaka ya 1960, kwa hitilafu ya programu ya kuhariri, faili hilo lilibadilishana nafasi na ujumbe wa siku, na kila aliyeingia akaonyeshwa nywila za watu wote.

Dawa ilipatikana nchini Uingereza. Roger Needham wa Cambridge alipendekeza kwamba nywila ipitishwe katika fomula ya njia moja, na matokeo tu ndiyo yahifadhiwe. Maurice Wilkes aliieleza mbinu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu kompyuta za kushirikiana. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walichapisha makala iliyoeleza jinsi mfumo wa Unix ulivyoitekeleza. Nywila ya hadi herufi 8 ilifanywa ufunguo wa fomula ya DES. Kwa ufunguo huo kipande cha sifuri tupu kilisimbwa mara 25 mfululizo. Kilichotoka ndicho kilichoandikwa katika faili.

Matokeo ya fomula kama hiyo huitwa *heshi* [i-/zi-]. Mfano wa kinu unaifafanua vizuri. Mahindi yakishasagwa, unga haurudi kuwa mahindi. Lakini anayeleta mahindi yaleyale kwenye kinu kilekile hupata unga uleule. Mfumo hautunzi mahindi, hutunza unga. Mtumiaji anapoingiza nywila, mfumo huisaga hapo hapo, hulinganisha unga na unga, kisha huyaacha mahindi. Ndiyo maana msimamizi mwaminifu wa mfumo, akiulizwa "Nywila yangu ni ipi?", hujibu kwamba hajui, na kwa kusema hivyo husema kweli.

Kusimba si kupata heshi

Kosa linalojirudia katika tafsiri ni kuandika kwamba nywila "zimesimbwa" pale zilipotiwa katika fomula ya njia moja. Sarufi yenyewe hulikataa. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo hugeuza tendo kwa kiambishi -u-: *funga, fungua, ziba, zibua, fuma, fumua*. *Simba* nayo ina *simbua*. Kusema kwamba ujumbe umesimbwa ni kuahidi kwamba mwenye ufunguo ataweza kuusimbua. Heshi haina kauli ya kutendua. Hakuna ufunguo wa kuirudisha, na hakuna aliyeufungia sandukuni. *Maji yakimwagika hayazoleki.*

Tofauti hii si ya kinadharia. Mfumo unaohifadhi nywila zilizosimbwa unaweza kuzirudisha zote, na kwa hiyo anayeuiba ufunguo mmoja amepata nywila za watu wote. Mfumo unaohifadhi heshi humlazimisha mwizi kukisia nywila moja baada ya nyingine, akizisaga na kulinganisha. Mwanafunzi anayeandika *kusimba* kwa mambo yote mawili huwa ameufuta ukuta unaoyatenga. Njia salama ni kusema *kuhifadhi heshi ya nywila* au *kupitisha nywila katika fomula ya njia moja*.

Chumvi

Watu wawili wakichagua nywila moja, heshi zao zingelingana, na anayeikisia moja angekuwa amezipata mbili. Kwa hiyo kabla ya kusaga huchanganywa kitu cha nasibu, tofauti kwa kila mtu, ambacho wataalamu hukiita *chumvi*. Katika Unix ya mwaka 1979 chumvi hiyo ilikuwa na uwezekano wa namna 4,096.

Mfasiri akutanapo na chumvi hii yampasa kukumbuka kwamba *kutia chumvi* na *kuongeza chumvi* ni nahau zenye maana ya kupiga maneno chuku. "Nywila zetu zimetiwa chumvi" itamchekesha msomaji au kumtia shaka. Huandikwa vizuri zaidi: "Kila nywila huchanganywa na chumvi yake kabla ya kupitishwa katika fomula." Nomino yafaa, nahau ndiyo iepukwe.

Kutoka kompyuta moja hadi mtandao

Kompyuta zilipounganishwa, swali lilikuwa namna ya kumwezesha mtu kutumia nywila moja kwenye mashine zote. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa mfumo wa NIS, ambao mwanzoni uliitwa Yellow Pages. Mfumo huo ulisambaza orodha ya watumiaji pamoja na heshi zao kwa mashine zote za mtandao. Ulikuwa rahisi kuutumia, lakini mashine yoyote iliyomo mtandaoni iliweza kuomba orodha nzima, na mwenye subira akaketi kukisia.

Jibu jingine lilizaliwa MIT katika mradi wa Athena, ulioanza mwaka 1983. Mfumo huo uliitwa Kerberos, kwa jina la mbwa anayelinda lango la kuzimu katika ngano za Kiyunani. Seva yake hutunza *ufunguo* uliotokana na nywila ya kila mtumiaji. Mtu akitaka kuingia, nywila haisafiri mtandaoni. Kompyuta yake huigeuza kuwa ufunguo papo hapo, na ufunguo huo hutumika kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Kisha hupewa *tiketi* yenye muda maalumu, ambayo huionyesha kwa huduma nyingine bila kuulizwa nywila tena. Toleo la 5 lilichapishwa kuwa kiwango mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 2005. Windows nayo iliupokea mfumo huu kuanzia toleo la Windows 2000.

Hapa ndipo neno *kuhamisha* linapokwama. Ufunguo wa Kerberos hutengenezwa kwa fomula yake yenyewe, na kwa kawaida chumvi yake ni jina la eneo la mtandao likiunganishwa na jina la mtumiaji. Heshi ya Unix ni unga wa kinu kingine. Unga wa kinu kimoja haugeuki kuwa unga wa kinu cha pili. Lazima yapatikane mahindi, na mahindi anayo mtumiaji peke yake. Hata mtu mwenye nywila ileile katika maeneo mawili ya Kerberos huwa na funguo mbili zisizofanana.

Njia tatu, vitenzi vitatu

Wasimamizi wa mifumo hutumia njia tatu kuu, na kila moja ina kitenzi chake.

*Kunakili.* Iwapo mfumo mpya unaijua fomula ya zamani, heshi hunakiliwa kama zilivyo. Saraka nyingi za LDAP, kwa mfano, huweza kupokea heshi za Unix. Mtumiaji haoni badiliko lolote. Windows pia ilikuwa na hali ya namna hii: ili kurahisisha kupanda kutoka Windows NT, Kerberos yake iliruhusiwa kutumia heshi ya zamani ya NT yenyewe kuwa ufunguo. Hapo kweli kitu kilihamishwa. Gharama yake ni kwamba heshi hiyo haina chumvi, na anayeiiba hahitaji tena kuijua nywila, kwa kuwa ameshika ufunguo wenyewe. Aina hiyo ya ufunguo ilitangazwa kuwa haifai tena katika viwango vya Kerberos mwaka 2018. Anayenakili heshi hunakili pia udhaifu wake.

*Kuunda.* Iwapo fomula hazilingani, mfumo mpya husubiri mtumiaji aje mwenyewe. Mfumo huria wa FreeIPA una hali maalumu ya uhamishaji kwa ajili hiyo. Kwanza majina ya watumiaji na heshi zao za zamani huingizwa katika saraka. Funguo za Kerberos huwa bado hazipo. Mtumiaji anapoingia kupitia ukurasa maalumu wa wavuti, au kupitia kompyuta yenye programu ya SSSD, nywila aliyoiandika hulinganishwa kwanza na heshi ya zamani. Ikilingana, mfumo huitumia nywila hiyohiyo, iliyo mkononi kwa muda mfupi, kuunda ufunguo mpya. Siku inayofuata mtu huyo huingia kwa Kerberos bila kujua kilichotokea. Kitenzi kifaacho ni *kuunda*: "Mfumo utaunda ufunguo wako utakapoingia mara ya kwanza."

*Kuweka nyingine.* Iwapo heshi za zamani hazipatikani, ni dhaifu mno au zimekwisha kuibwa, kila mtumiaji hupewa nywila ya muda na kulazimishwa kuchagua mpya. Njia hii ni safi lakini ina foleni: wale wote waliosahau, walio safarini na wasioelewa maagizo hukusanyika mlangoni pa ofisi ya kompyuta asubuhi moja.

Njia ya pili ina mtego ambao tangazo zuri hulazimika kuutaja. Ufunguo huundwa kwa wanaoingia tu. Aliye katika likizo ya uzazi, aliye masomoni na mwalimu wa muda anayekuja mara moja kwa muhula hawataingia kabla dirisha halijafungwa. Wakirudi, mfumo utawakataa ingawa nywila zao ni sahihi. Kama tangazo lilisema tu "nywila zote zimehamishwa", watadhani wamesahau au wameibiwa. Kama lilisema "atakayekuwa hajaingia kufikia tarehe fulani atalazimika kuweka nywila mpya", watajua pa kwenda.

Hama, hamia, hamisha, hamishia

Kitenzi *hama* hutaja mahali panapoachwa: *amehama kijiji*. *Hamia* hutaja mahali paendwapo: *amehamia Dodoma*. Anayeandika "Watumishi wote wamehama mfumo mpya" amesema kinyume cha alichokusudia, kwani sentensi hiyo ina maana kwamba wameukimbia. Iandikwe: "Watumishi wote wamehamia mfumo mpya."

*Hamisha* ni kauli ya kutendesha: kuna mwenye kuhamisha na kilichohamishwa. *Hamishia* huongeza mahali pa kufikia: *akaunti zimehamishiwa mfumo mpya*. Vitu vinavyostahili *hamisha* katika shughuli hii ni akaunti, majina, mafaili na wakati mwingine heshi.

Nomino nazo zina mipaka. *Uhamiaji* umezoeleka kwa watu wanaoingia nchi nyingine na kwa idara inayowashughulikia; "uhamiaji wa nywila" humfanya msomaji afikirie pasipoti. *Uhamisho* ni wa mtumishi au mchezaji anayepelekwa kituo kingine. *Uhamaji* ni hali ya kuhama kwa mwenye kuhama. Kwa data, neno lifaalo ni *uhamishaji*, yaani tendo la kuhamisha: *uhamishaji wa akaunti za watumiaji*.

"Weka upya"

Agizo "Weka upya nywila yako" limeenea sana kwa maana ya kuiacha ya zamani na kuchagua nyingine. Lakini *upya* huweza pia kueleweka kuwa *tena*, na wapo wanaoandika nywila ileile kwa utii kamili, kisha hushangaa mfumo unapowakataa. "Chagua nywila mpya" na "Weka nywila nyingine" hazina utata huo. Pale ofisi inapotaka nywila ya zamani iandikwe, iseme wazi: "Andika nywila yako ya sasa."

Matangazo mawili

Tangazo la kwanza limetungwa ili kuonyesha makosa:

*Ndugu mtumiaji, tunahamisha nywila zote kwenda mfumo mpya wa utambulisho. Ili nywila yako isipotee, thibitisha akaunti yako kwa kutuma jina lako na nywila yako ya zamani kwa ofisi ya kompyuta kabla ya Ijumaa. Nywila zitasimbwa kwa usalama wako.*

Karibu kila kauli ina doa. Nywila haiwezi kupotea njiani, kwa kuwa haisafiri. Mfumo si wa utambulisho bali ni wa uthibitishaji. *Thibitisha* haikuelezwa. *Simbwa* inadokeza kwamba zitaweza kusimbuliwa. Kubwa kuliko yote, watumishi wameagizwa kufanya jambo ambalo kila mafunzo ya usalama huwakataza. Hata kama ofisi ina nia njema, mtu aliyetii tangazo hili leo atalitii la tapeli kesho, kwa sababu yatafanana neno kwa neno.

Tangazo la pili linasema mambo yaleyale kwa usahihi:

*Ndugu watumishi, kuanzia Jumatatu ofisi itahamia mfumo mpya wa uthibitishaji. Akaunti na mafaili yenu yamekwisha kuhamishiwa huko. Nywila unayotumia sasa kuingia kwenye kompyuta ya ofisi itaendelea kutumika. Ingia kama kawaida mara moja kabla ya mwisho wa mwezi, na mfumo utaunda ufunguo wako wenyewe. Atakayekuwa hajaingia kufikia siku hiyo atafika ofisi ya kompyuta na kitambulisho ili aweke nywila mpya. Hakuna mtu, akiwemo msimamizi wa mfumo, atakayekuomba nywila yako kwa simu, kwa barua pepe au ana kwa ana. Ukiombwa, usitoe, na utoe taarifa.*

Tangazo hili ni refu kuliko lile la kwanza, na urefu huo una kazi. Linamwambia msomaji kipi kinahama, kipi kinabaki, afanye nini na lini, na ni ombi lipi akatae. Halikutaja heshi wala chumvi, kwa kuwa mtumishi hahitaji kuvijua. Limeandikwa tu na mtu anayevijua.

Matumizi yanayopendekezwa

- *Mfumo wa uthibitishaji*, si *mfumo wa utambulisho*, kwa mfumo unaopima nywila.
- *Kuhamia mfumo mpya* kwa watumiaji. *Kuhamishia* kwa akaunti na mafaili. *Kunakili* kwa heshi. *Kuunda* kwa funguo.
- *Uhamishaji*, si *uhamiaji*, kwa data.
- *Heshi ya nywila* kwa kisichorudishwa. *Kusimba* kwa kile tu kinachoweza kusimbuliwa.
- *Kuchanganya na chumvi*, si *kutia chumvi*.
- *Chagua nywila mpya*, si *weka upya nywila*.
- *Andika nywila tena*, si *thibitisha nywila*, pale inapotakiwa mara ya pili.
- *Kuhamisha nywila* yaweza kubaki katika mazungumzo ya mafundi, ambao wanajua kwamba ni ufupisho. Katika tangazo kwa umma iepukwe.

Taz. pia: akaunti, hakiki, idhini, msimbo, namba ya siri, tiketi, ufunguo.